Mwenye Kuwadanganya Watu kwa Kazi ya Ng'ambo Ana Hatia Gani?

Hapa Goma tumeulizwa neno hili mara nyingi: mtu akipokea fedha za kijana na kumwahidi kazi Dubai au Oman, kisha kazi isionekane, au ionekane kuwa ni utumwa, je, wakala huyo ni mdeni tu, au ni mhalifu wa kutiwa gerezani? Wengi humhesabu kuwa mdeni, wakayamaliza nyumbani kwa kurudishiwa nusu ya fedha. Sisi hatukubali, na historia yatuonyesha sababu.

Ufaransa ilikomesha utumwa katika kisiwa cha Réunion mwaka 1848. Mashamba ya miwa yalibaki, mikono ikapungua. Basi merikebu zikatumwa pwani ya Afrika Mashariki kutafuta watu walioitwa "wafanyakazi huru", wenye mkataba. Huru kwa jina, maana wengi walinunuliwa kwa wafanya biashara ya watumwa, ndipo wakaulizwa kama wanakubali kwenda. Mtu aliyetoka kufunguliwa nyororo angejibu nini?

Mwishoni mwa 1857 Wareno waliikamata mojawapo ya merikebu hizo, Charles et Georges, karibu na Kisiwa cha Msumbiji. Ndani yake mlikuwa na Waafrika 110, na mjumbe wa serikali ya Ufaransa aliyewekwa kusimamia ili mambo yote yawe halali. Waafrika walipohojiwa wakasema wamepakiwa bila hiari yao. Mwaka 1858 nahodha, jina lake Rouxel, akahukumiwa kazi ngumu miaka 2. Lakini Napoleon III akapeleka manowari hadi mto Tejo, mbele ya Lisbon. Ureno ikaogopa, ikamwachilia nahodha na chombo chake, tena ikalipa fidia. Waliodanganywa ni wale 110. Aliyelipwa ni mwenye merikebu! Hata hivyo aibu ile haikupita bure: mwaka 1859 Ufaransa ilikataza kuandikisha watu katika pwani hiyo.

Huku kwetu Kongo mambo yalikuwa kinyume kabisa. Dekreti ya 16 Machi 1922 juu ya mkataba wa kazi iliweka kifungo kwa mfanyakazi mwenyewe, akiacha kazi kabla ya siku zake kutimia. Mtu aweza kuahidiwa mema kijijini, akafika Katanga na kukuta mengine. Akitoroka, mhalifu ni yeye. Desturi ya namna hiyo ilikuwapo katika makoloni mengi, hata Shirika la Kazi Duniani likafanya mapatano mawili huko Geneva: la 1936 juu ya uandikishaji, na la 1939 juu ya kuondoa adhabu hizo.

Kitabu cha Sheria za Adhabu cha 30 Januari 1940, ambacho Kongo inakitumia hata leo, kina kifungu cha 98. Chasema kwamba anayetwaa mali ya mwenziwe kwa jina la uongo, cheo cha uongo au hila, afungwe tangu miezi 3 hadi miaka 5. Wakala aliyejaribu kwa moyo safi, viza ikakataliwa, huyo ni mdeni. Aliyejua tangu mwanzo kwamba kazi haipo, huyo ni mwizi.

Lakini kifungu hicho chalinda mali. Na asiyechukua hata faranga moja, bali amempeleka binti wa watu akatumikishwe bure? Hapo Protokali ya Palermo ya mwaka 2000 iliongeza neno kubwa: ridhaa iliyopatikana kwa hila si ridhaa. Laiti neno hili lingejulikana 1857! Kongo nayo ikatunga sheria juu ya biashara ya watu, namba 22/067 ya 26 Desemba 2022.

Liko jambo la kuangaliwa upesi. Kosa la kifungu cha 98 halishitakiwi tena baada ya miaka 3. Makosa ambayo adhabu yake yaweza kupita miaka 5 hungoja miaka 10. Na mahakama za Serikali hapa mjini zilisimama M23 ilipoitwaa Goma mwishoni mwa Januari 2025. Aliyeibiwa hivyo mwaka 2024, muda wake waisha 2027. Asidhani kwamba hana pa kwenda: sheria yamruhusu kushitaki si mahali kosa lilipotendwa tu, bali pia mahali anapokaa mshitakiwa, au popote atakapoonekana. Wakala aliyehamia Beni au Kinshasa aweza kushitakiwa huko huko, na stakabadhi ya fedha na ujumbe wa simu ni ushahidi.