Bunduki ya Roosevelt na Vifaru wa Rhino Camp

Mwaka 1969 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa bunduki ya kumkumbuka Rais Theodore Roosevelt. Ilikuwa Model 94, bunduki ya wenzo: mpigaji husukuma chini mkono wa chuma ulio karibu na kifyatulio na kuurudisha, ganda tupu likatoka na risasi mpya ikaingia. Chuma chake kilipakwa dhahabu nyeupe, kikachorwa nakshi ya tai na kuandikwa miaka ya urais wake, 1901 hadi 1909. Winchester ilikuwa imeanza kutoa Model 94 za ukumbusho mwaka 1964, kwa heshima ya jimbo la Wyoming, na baadaye zikafuata nyingi mno. Wakusanyaji huziweka ndani ya maboksi yake. Ikishatumika, bei hushuka. Yaani thamani ya silaha hii ni kutofanya kazi ya silaha.

Kilichonivuta mimi ni ule mwaka 1909. Maandishi yanakoma hapo, lakini kwetu Uganda habari za Roosevelt ndipo zinapoanzia. Alitoka madarakani mwezi Machi, na Aprili akashuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya Taasisi ya Smithsonian. Alikuja na Winchester pia, ila ile aliyoisifu sana kwa kuwinda simba ni Model 1895. Zote mbili zilibuniwa na John Browning. Model 94 hupanga risasi katika bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikielekea kitako cha nyingine, kwa hiyo risasi zenye ncha kali ni hatari humo. Ile ya 1895 ina kisanduku, tena hubeba risasi kubwa zaidi. Hivyo ukumbusho wenyewe umekosea bunduki, kwa upande wetu walau.

Desemba 1909 aliingia Uganda, akapita Entebbe, Kampala na Hoima. Kutoka Butiaba msafara ulivuka Ziwa Albert na kuteremka mto Nile hadi Lado, ukingo wa magharibi, eneo lililokuwa chini ya Wabelgiji. Huko, mwanzoni mwa 1910, baba na mwana waliua vifaru weupe 9.

Wapo wanaosema Roosevelt ndiye aliyewamaliza vifaru hao. Sikubaliani nao. Nusu karne baadaye bado walikuwepo kwa mamia. Waliowamaliza ni majangili na vita vya baadaye. Lakini pia sikubali kwamba safari ile ilikuwa ya sayansi tu. Baba na mwana waliua wanyama zaidi ya 500, na mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi zaidi ya 200, ambao hakuna aliyewatengenezea ukumbusho wa dhahabu.

Dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya mwezi Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, wakilindwa na askari wenye bunduki usiku na mchana. Rhino Camp ingali mahali pa watu huko West Nile, na wengi siku hizi wanaijua kwa makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Kifaru mweupe wa kaskazini hayupo hata mmoja.