Pumzi ya Wavujajasho: Nyambizi ya Monturiol na Deni Lililoizamisha

Katikati ya karne ya 19, katika mji wa Cadaqués ulio kwenye pwani ya Katalunya nchini Hispania, walikuwapo watu walioishi kwa kuzamia marijani ya fedhaluka. Mzamiaji alijaza hewa mapafuni, akashuka, akavunja alichoweza kukivunja, kisha akapanda juu kabla pumzi haijamwishia. Narcís Monturiol, mzaliwa wa Figueres wa mwaka 1819, aliishuhudia kazi hiyo alipokuwa akikaa huko, na alimwona mmoja wa wazamiaji hao akifa maji. Kutokana na kifo hicho likazuka wazo lililomtawala kwa miaka mingi: kutengeneza chombo ambacho kingemwezesha mfanyakazi kukaa chini ya bahari na kupumua kama aliye nchi kavu.

Nimeamua kumwandikia makala mtu huyu kwa sababu vitabu vingi vya historia ya nyambizi huanza na vita na kuishia na vita. Monturiol hakuwa mwanajeshi, wala hakuwa mhandisi kwa elimu. Alisomea sheria bila kuifanya kazi yake, akawa mchapishaji na mfuasi wa mjamaa wa Kifaransa Étienne Cabet, na mwaka 1847 alianzisha gazeti la La Fraternidad lililoeneza mawazo ya usawa na umiliki wa pamoja. Nyambizi yake ilitokana na siasa hizo. Aliamini kuwa sayansi haina budi kumpunguzia mnyonge hatari ya kazi.

Ili kuielewa kazi aliyojitwika, yatupasa kwanza tuielewe hewa yenyewe. Hewa tunayovuta ina oksijeni takriban asilimia 21, na kabonidioksidi kidogo mno, chini ya sehemu moja katika elfu moja. Mtu anayefanya shughuli nyepesi hutumia takriban lita 25 za oksijeni kwa saa na kutoa takriban lita 20 za kabonidioksidi. Mfungie mtu huyo ndani ya chumba chenye meta moja ya ujazo ya hewa, yaani lita 1,000. Baada ya saa moja na nusu, oksijeni itakuwa imeshuka hadi kama asilimia 17, kiwango kinachoweza bado kumweka hai, lakini kabonidioksidi itakuwa imefika asilimia 3. Hapo kichwa huanza kuuma na pumzi kwenda mbio. Ikizidi kupanda hadi karibu asilimia 10, fahamu humtoka. Kwa maneno mengine, aliyefungiwa husumbuliwa na hewa aliyoitoa mwenyewe kabla ya kukosa ile anayoihitaji. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuishi ndani ya chombo kilichofungwa ana kazi mbili tofauti: kuongeza oksijeni na kuondoa kabonidioksidi. Anayetimiza moja na kusahau nyingine hajatimiza lolote.

Watangulizi wa Monturiol na wenzake wa zama zake walijua kuzama kuliko walivyojua kupumua. Chombo cha Turtle, alichokiunda David Bushnell nchini Marekani na kilichotumika mwaka 1776 dhidi ya meli za Waingereza, kilikuwa na hewa ya kumtosha mtu mmoja kwa takriban nusu saa tu. Nyambizi ya H. L. Hunley, iliyoizamisha meli ya adui mnamo Februari 1864 na kupotea na watu wake wote 8, nayo ilitegemea hewa iliyofungiwa ndani pamoja na mabomba ya kuvutia hewa ilipokuwa karibu na uso wa maji. Katika vyombo vyote viwili, mabaharia walikuwa wakila akiba isiyoongezeka.

Monturiol alizindua nyambizi yake ya kwanza, Ictíneo, katika bandari ya Barcelona mwezi Juni 1859. Ilikuwa ya mbao, yenye urefu wa meta 7, na ilizama mara nyingi bila kuua mtu. Mnamo Januari 1862 meli ya mizigo iliigonga ikiwa imefungwa bandarini, ikaharibika kabisa. Serikali ilimsifu bila kumpa fedha. Akawaandikia wananchi, na michango ikatoka kwa watu wa Hispania na Cuba. Kwa fedha hizo akaunda Ictíneo II, ya mbao za mzeituni zilizofunikwa kwa bamba la shaba, iliyoshushwa majini tarehe 2 Oktoba 1864.

Mwanzoni chombo hicho kiliendeshwa kwa nguvu za wanaume 16 waliozungusha mtaimbo. Hapa ndipo tatizo la hewa lilipokutana na tatizo la kazi, kwa kuwa mtu anayetoka jasho hutumia oksijeni mara kadhaa zaidi ya aliyekaa. Kadiri watu walivyojitahidi kukisogeza chombo, ndivyo walivyoimaliza hewa yao wenyewe, na bado mwendo ulikuwa hafifu. Injini ya mvuke ya kawaida isingewafaa, maana moto wa makaa ungeivuta hewa yote kabla ya wao kuivuta.

Jibu la Monturiol lilikuwa la kikemia. Alichanganya zinki, klorati ya potasiamu na dioksidi ya manganizi. Mchanganyiko huo ulitoa joto la kuchemshia maji ya injini bila kuhitaji hewa, na pia ulitoa oksijeni, iliyokusanywa kwenye matangi kwa ajili ya kupumua na kuwashia taa. Hebu tulitafakari hilo. Katika viwanda vya zama zile mashine ilikuwa ikila pumzi ya mfanyakazi kwa moshi na vumbi. Huyu mjamaa asiye mhandisi aliunda mashine iliyompa mfanyakazi pumzi. Mnamo Desemba 1867 injini hiyo iliwashwa chombo kikiwa kimezama bandarini, nayo ikafanya kazi.

Siku chache baadaye, mwezi huohuo, kampuni yake ilifilisika. Mdai mkuu alitaka fedha zake na nyambizi ikachukuliwa. Aliyeinunua akadaiwa kodi ya vyombo vya majini, akaona heri aivunje na kuiuza kama chakavu kuliko kuilipia. Bahari haikuishinda Ictíneo II. Ilishindwa na daftari la madeni na fomu ya kodi. Monturiol alikuwa mbunge kwa muda mfupi wakati wa Jamhuri ya Kwanza ya Hispania mwaka 1873, na akafariki mwaka 1885 bila kuunda nyambizi nyingine.

Leo wapo watu katika nchi kadhaa wanaojiundia nyambizi ndogo kwenye karakana za nyumbani. Kanuni ya hewa yao haijabadilika: mtungi wa oksijeni unaotolewa polepole, na feni inayopitisha hewa kwenye chembechembe za chokaa maalumu ili kunasa kabonidioksidi. Walio makini huongeza kitu cha tatu, nacho ni vipimo. Hawaziamini hisia zao, kwa kuwa upungufu wa oksijeni humlewesha mtu kabla hajatambua kuwa amelewa.

Kipimo kinachosimama nje ya matakwa ya muundaji ndicho kilichokosekana katika mkasa wa Titan wa Juni 2023. Dunia nzima ilikesha ikihesabu saa 96 za hewa, ilhali watu wote watano walikuwa wamekwisha kufa baada ya chombo kupondwa na shinikizo la maji. Titan haikuwa imethibitishwa na taasisi huru ya ukaguzi, na kampuni yake ilikuwa imeutetea hadharani uamuzi huo kwa jina la ubunifu.

Nasi tusidhani kuwa haya ni ya matajiri wa mbali. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Baada ya siku mbili fundi mmoja alitolewa akiwa hai, kwa kuwa mahali alipojificha palibaki hewa. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini kivuko kile kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Walioangamia hawakukosa muujiza wa hewa. Walikosa mtu wa kuhesabu abiria gatini na kusema basi.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wangu, hasa walio katika utumishi wa umma, waisome historia ya Ictíneo kwa pande zake mbili. Mbunifu wetu wa Gerezani au Kamukunji anapoleta mashine yake, ofisi isiyo na mlango mwingine ila wa kodi humuua kama ilivyoiua Ictíneo. Na ofisi inayompigia makofi bila kumkagua huwaua watakaopanda chombo chake. Tunahitaji mfuko wa umma wa kuwavusha wabunifu katika miaka ya hasara, na mkaguzi asiyelipwa na anayemkagua. Mawili hayo huonekana kama yanapingana tu pale bajeti inapoandikwa na watu wasiokusudia kupanda chombo chenyewe.