Taimingi ya injini ya 4A-FE

Taimingi ni ulinganifu wa krankishafti na kamshafti: ya kwanza huzunguka mara 2 kila ya pili inapozunguka mara 1. Katika 4A-FE, injini ya cc 1,587 iliyofungwa kwenye Toyota Corolla nyingi za miaka ya 1990, shafti hizo mbili huunganishwa na mkanda wa meno. Wakati wa kubadilisha mkanda huo, fundi hufungua plagi ili injini iwe nyepesi, kisha huizungusha kwa spana upande wa saa hadi alama ya puli ya chini ifike 0. Hapo tundu dogo la puli ya kamshafti sharti lielekeane na alama ya kifuniko cha beringi. Lisipoonekana, huongezwa mzunguko 1. Mkanda mpya ukishakazwa, injini huzungushwa mara 2 kwa mkono na alama kutazamwa upya. Hatua hii isirukwe kamwe: mkanda ukikosea jino 1 tu, gari hukosa nguvu.