Kuandaa na Kuhakiki Masomo ya Muziki Mtakatifu Mtandaoni: Mwongozo kwa Walimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya katika parokia zetu siku hizi ana madarasa mawili. La kwanza ni lile la zamani: mabenchi ya kanisani au kivuli cha mwembe, jioni za katikati ya juma na Jumamosi, na ubao ulioandikwa solfa kwa chaki. La pili limo ndani ya simu za wanakwaya. Humo hutumwa sauti ya pili ya wimbo wa matoleo, picha ya karatasi ya nota, au video fupi ya kufundisha namna ya kupumua. Makala hii inaeleza jinsi masomo ya namna hiyo yanavyoandaliwa, na hasa jinsi yanavyopaswa kuhakikiwa, kwa sababu kosa la ubaoni hufutwa kwa kitambaa, bali kosa lililokwisha kuingia katika simu mia moja halifutiki kirahisi.

Mama Kanisa hakuwahi kuuona muziki kuwa pambo la ibada. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliuwekea muziki mtakatifu sura nzima, ya sita, katika Konstitusio juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium, ya tarehe 4 Desemba 1963. Maagizo ya Musicam Sacram, yaliyotolewa tarehe 5 Machi 1967, yakaongeza kwamba wanakwaya wapewe, pamoja na mafunzo ya muziki, malezi ya kiliturujia na ya kiroho. Kwa hiyo mwalimu anayetuma somo mtandaoni hatumi sauti tupu. Anaendelea na utume uleule, kwa chombo kingine.

Nota kwanza, sauti baadaye

Yafaa kukumbuka tulikotoka. Katika karne ya 11, mmonaki Guido wa Arezzo aliona vijana wakipoteza miaka mingi kukariri nyimbo za Kanisa kwa kumsikiliza mwalimu tu. Mwalimu akiondoka, wimbo nao unaondoka. Akazipanga nota juu ya mistari, na kutoka katika silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji akapata majina ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na nota ya saba ikaongezwa. Katika karne ya 19 huko Uingereza, Sarah Glover na kisha John Curwen waliukuza mtindo wa kuandika solfa kwa herufi, ambao hata leo ndio ngazi ya kwanza kwa wanakwaya wengi wa Afrika Mashariki. Lengo la Guido lilikuwa moja: mwimbaji aweze kuimba wimbo ambao hajapata kuusikia.

Hapo ndipo ilipo hatari ya somo la mtandaoni. Rekodi ikitumwa peke yake inaturudisha nyuma ya Guido. Mwanakwaya anaisikiliza mara ishirini akiwa kwenye daladala, anaishika kama kasuku, na Dominika anaimba vizuri. Lakini akipewa karatasi mpya hajui aanzie wapi. Baada ya miaka mitatu ya masomo ya namna hiyo kwaya inakuwa na nyimbo nyingi na wasomaji wa nota wachache. Nimeliona jambo hili katika kwaya ninayoipenda, nami sikuliona mapema.

Dawa yake ni mpangilio. Somo lianze na karatasi: picha safi ya nota au solfa, isiyo na kivuli cha mkono, yenye jina la mtunzi, mahali ilipo do, na idadi ya mapigo. Mwanakwaya apewe siku moja au mbili za kujaribu kusoma mwenyewe. Ndipo sauti itumwe, ili ajisahihishe. Wengine watalalamika. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliwahi kuniambia, “Mwalimu, unatuchelewesha bure, sauti si unayo?” Nilikuwa nayo. Nilimtumia Jumatano badala ya Jumatatu, kama wenzake.

Kurekodi

Somo jema lina jambo moja tu. Kiitikio cha sauti ya nne ni somo. Wimbo mzima wa sauti zote ni onyesho. Kwa wimbo wa sauti nne, mazoea yanayosaidia ni kurekodi kila sauti peke yake kwa mwendo wa taratibu, kisha kwa mwendo wake halisi, na mwisho sauti zote pamoja huku ile inayofundishwa ikisikika zaidi kidogo. Kabla ya kuanza, itajwe do, ipigwe nota ya kuanzia, na mapigo yahesabiwe kwa sauti. Wengi husahau hatua hii, na mwanakwaya anabaki akiwinda mahali pa kuingia.

Programu ya MuseScore, inayopatikana bila malipo, huandika nota na kuzipiga, nayo humwezesha mwalimu asiye na kinanda kusikia alichoandika. Hata hivyo, sauti ya mashine haipumui wala haitamki. Maneno yafundishwe kwa sauti ya mtu. Chumba kiwe na mapazia au nguo zilizotundikwa, kwani mwangwi wa kanisa tupu, ujapopendeza masikioni, huzifunika konsonanti. Simu iwekwe umbali wa shubiri moja au mbili kutoka mdomoni, na mawasiliano yake yazimwe. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha.

Ukubwa wa faili ni suala la haki, si la ufundi pekee. Rekodi ya sauti yenye kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takribani megabaiti moja kwa dakika. Kwa kilobiti 64, nusu yake, na kwa kujifunzia inatosha. Video ya kawaida yenye megabiti moja kwa sekunde huchukua kama megabaiti 7.5 kwa dakika. Basi dakika kumi za video ni megabaiti 75, na dakika kumi za sauti pamoja na picha ya nota hazizidi sana 5. Mwanakwaya anayenunua bando la siku kwa fedha ya mboga atalifungua somo la pili, la kwanza ataliacha. Video itumike pale tu jicho linapohitajika: mkono wa kiongozi, vidole vya mpiga kinanda, umbo la mdomo.

Kuna wanaojaribu kufanya mazoezi ya pamoja kwa simu ya video, kila mmoja kwake. Kuimba pamoja kwa njia hiyo hakuwezekani, na sababu yake ni ya kimaumbile. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde. Mwimbaji aliye mita 10 mbali nawe unamsikia akiwa amechelewa kiasi cha sehemu tatu za mia ya sekunde, nawe hulitambui hilo. Katika mtandao ucheleweshaji mara nyingi hupita sehemu moja ya kumi ya sekunde, kana kwamba mwenzako amesimama zaidi ya mita 30 mbali, tena umbali huo ukibadilikabadilika. Isitoshe, programu za mikutano zimeundwa kwa ajili ya maneno, na nota ndefu iliyotulia huweza kuchukuliwa kuwa kelele na kupunguzwa. Njia inayofaa ni mwalimu kuimba, wengine wakiwa wamezima vinasa sauti vyao, kisha mmoja mmoja kuitikia.

Kuhakiki kabla ya kutuma

Niliwahi kurekodi sauti ya tatu ya wimbo wa komunyo usiku, nikiwa nimechoka, nikaimba fa mahali palipoandikwa mi. Ilikuwa nota moja, ndani ya kiitikio. Kwaya za vigango viwili zikajifunza kutoka katika rekodi hiyo, ilhali kwaya ya parokiani ilisoma karatasi. Siku ya Kipaimara zikaungana. Kila kilipofika kiitikio, mbele ya Baba Askofu, fa ya vigango ikasuguana na mi ya parokia. Wanakwaya wa vigango hawakukosea hata kidogo, waliimba walichofundishwa. Niliyekosea nilikuwa mbele yao nikipunga mikono, na baada ya Misa ilinibidi niwaombe radhi, maana wenzao walikuwa wameanza kuwacheka.

Tangu hapo kila somo hupitia mikono mitatu. Mwanamuziki mwingine hulisikiliza akiwa ameshika karatasi, si kwa kukumbuka wimbo. Mlezi wa liturujia, au paroko mwenyewe, husoma maneno yake. Wa tatu ni mwanakwaya aliyeingia juzi, na huyu ndiye mhakiki bora kuliko wote, kwa sababu hana haya ya kuuliza, “Hapa ulianzaje?”

Maneno yanastahili uangalifu wa pekee. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: utuhurumie hukazwa kwenye mi, na pigo zito la muziki likiangukia hu, masikio ya waamini hukwazika hata kama hawajui kwa nini. Kama kasoro hiyo ni ya mtunzi, mwalimu hana ruhusa ya kubadili wimbo wa mtu, ila aweza kupunguza uzito wa pigo hilo. Matamshi nayo yasahihishwe katika rekodi yenyewe. Dhambi isiwe zambi. Neno thamani likiimbwa samani, Damu Takatifu inageuka kuwa meza na makabati. Tunacheka, lakini mtoto wa Komunyo ya Kwanza anayelisikia hivyo kila Dominika atalishika hivyo.

Mwaka wa liturujia pia uangaliwe. Aleluya haiimbwi wakati wa Kwaresima. Utukufu huachwa katika Dominika za Majilio na za Kwaresima. Katika Kwaresima kinanda na vyombo vingine huruhusiwa kwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne iitwayo Laetare, sherehe na sikukuu. Somo lenye utangulizi mrefu wa kinanda likitumwa katika majira hayo litachezwa vivyo hivyo kanisani.

Masomo ya wengine na haki za watunzi

Mwalimu hahitaji kurekodi kila kitu. Ziko nota na video nyingi mtandaoni za nyimbo za Kikatoliki za Kiswahili, na nyingine zimeandaliwa kwa ustadi. Ila zisipokewe bila kupimwa. Je, jina la mtunzi limetajwa? Je, karatasi ya nota ipo, au ni sauti iliyokisiwa kwa kusikiliza? Je, wimbo umehamishwa do ili uwapendeze waimbaji wa studio, wakati sauti ya kwanza ya kwetu haifiki huko? Idadi ya watazamaji haijibu lolote kati ya maswali haya.

Watunzi wetu wengi wangali hai, na kazi zao zinalindwa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, nayo haikuweka mwanya kwa kuwa wimbo ni wa Mungu. Kuomba ruhusa kwa mtunzi kabla ya kuweka wimbo wake hadharani mara nyingi ni suala la simu moja. Kufuta jina lake kwenye karatasi ili kupata nafasi ya jina la kwaya ni wizi, na niliseme hivyo bila kuzungusha, kwa sababu jambo hili limezoeleka mno.

Kwa masomo ya watoto, wazazi waombwe ridhaa kabla ya sura ya mtoto kuonekana, na kundi la mawasiliano liwe na wazazi au walezi ndani yake. Mwalimu asimwandikie mtoto faraghani, hata kwa nia njema.

Kuhakiki baada ya kutuma

“Asante mwalimu” thelathini hazithibitishi kwamba somo limeeleweka. Omba kila mmoja akurudishie mstari mmoja alioimba mwenyewe, bila kuufanyia usafi. Akikosea mmoja, msaidie. Wakikosea watano mahali pamoja, kosa limo katika somo: mwendo ulikuwa wa kasi, au pumzi haikuonyeshwa, au picha ya nota ilikatwa pembeni. Somo lirekodiwe upya, lipewe namba na tarehe katika jina la faili, na ujumbe utumwe wazi kwamba la awali lifutwe. Kisha utangaze tena siku ya mazoezi, kwa kuwa faili za zamani zina tabia ya kufufuka vigangoni.

Wako pia wasio na simu za kisasa. Mzee mmoja wa sauti ya nne kwetu husikilizia masomo kwenye simu ya mjukuu wake, anayeondoka nayo alfajiri. Kwa ajili yake na wenzake tunachapa nota, na dakika kumi za kwanza za mazoezi ya Jumamosi simu zote huwekwa kikapuni, karatasi zikashikwa.

Nakala za asili za masomo, pamoja na karatasi zake na ruhusa za watunzi, zihifadhiwe katika ofisi ya parokia kwenye kompyuta na kwenye kadi ya kumbukumbu iliyotengwa, si ndani ya simu ya mwalimu peke yake. Walimu huhamishwa kikazi, na simu huibwa.