Kasha la Herufi la Tanga na Ukurasa wa Serikali

Hivi karibuni niliombwa kupitia rasimu ya taarifa ya ofisi moja ya umma: kurasa themanini, bila orodha ya yaliyomo. Vichwa vya habari vilikuwapo, lakini kimoja kilikolezwa, kingine kiliandikwa kwa herufi kubwa, cha tatu kilipigiwa mstari. Mwananchi anayetafuta habari ya fidia ya shamba lake angelazimika kupekua zote.

Nikaikumbuka shule ya serikali ya Wajerumani iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890. Shule ile ilikuwa na matbaa yake, ambamo wanafunzi walifunzwa uchapaji. Humo ndimo lilimochapwa Kiongozi, gazeti la Kiswahili, mwanzoni mwa karne ya 20. Mpangaji wa herufi za risasi hawezi kuahirisha uamuzi. Kabla ya kushika herufi ya kwanza sharti ajue lipi ni kichwa na lipi ni matini, kwa kuwa kila ukubwa wa herufi una kasha lake. Ni kweli, shabaha ya Mjerumani ilikuwa kupata makarani na maakida watiifu, si wahariri. Hata hivyo, nidhamu ya ukurasa iliingia mikononi mwa vijana wa pwani.

Taipureta iliipokonya. Ilikuwa na ukubwa mmoja tu wa herufi, hivyo karani wa enzi ya Mwingereza akabakiwa na herufi kubwa na mstari. Tukazoea kudhani kwamba kichwa cha habari ni pambo.

Kompyuta imelirudisha kasha, nasi tunaitumia kama taipureta. Kichwa kikipewa mtindo wa kichwa, aya ikapewa mtindo wa matini, na yote yakahifadhiwa katika kiolezo cha ofisi, programu hutambua muundo wa waraka: huandaa yenyewe orodha ya yaliyomo, na fonti ya vichwa vyote hubadilishwa mara moja. Asiyeona, anayesomewa na kompyuta, huweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Kilichokolezwa tu, kwake ni aya kama nyingine. Lugha nayo si kisingizio, maana tangu 2004 ilikuwapo Jambo OpenOffice, programu ya Kiswahili iliyoandaliwa kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Niliirudisha rasimu pamoja na kiolezo. Nikajibiwa kwamba kiolezo kipya kinahitaji idhini ya mkuu wa idara, naye yuko safarini.