Upimaji wa ustawi na utendaji wa wafanyakazi katika tamaduni mbalimbali

Upimaji wa ustawi na utendaji wa wafanyakazi katika tamaduni mbalimbali ni eneo la saikolojia ya kazi linalotafuta njia za kujua hali ya watu kazini na ubora wa kazi yao, kisha kulinganisha matokeo ya nchi mbalimbali bila kumpunja yeyote. Chombo chake kikuu ni hojaji.

Vipimo vya ustawi

Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha Marekani, mwaka 1981, hojaji ya kupima uchovu uliokithiri unaotokana na kazi. Baadaye Wilmar Schaufeli na Arnold Bakker walitunga Uholanzi hojaji ya Utrecht, inayopima ari ya kazi kwa mambo matatu: nguvu, kujitoa na kuzama kazini. Mhojiwa husoma kila sentensi na kuchagua namba, kuanzia 0 (haijawahi kunitokea) hadi 6 (kila siku). Toleo fupi la sentensi 9, la mwaka 2006, lilitokana na takwimu za nchi 10, Afrika Kusini ikiwemo.

Wajapani hupata alama za chini katika hojaji hiyo. Mwaka 2010 Akihito Shimazu na wenzake walichambua majibu ya Wajapani na Waholanzi swali kwa swali. Walibaini kuwa toleo la Kijapani halitenganishi vizuri watu wenye ari ndogo sana, na la Kiholanzi halitenganishi vizuri wenye ari kubwa. Walieleza kuwa huenda Wajapani huficha hisia zao njema, ilhali Waholanzi huelekea kujikweza. Kwa hiyo alama ndogo si ushahidi tosha kwamba watu hawaipendi kazi yao.

Vipimo vya utendaji

Utendaji hupimwa kwa kutazama majukumu yaliyotimizwa, msaada kwa wafanyakazi wengine na mienendo inayodhuru kazi. Mipaka ya mambo hayo hutofautiana. Utafiti wa Lam, Hui na Law wa 1999 ulionyesha kuwa watu wa Hong Kong na Japani, kuliko wa Marekani na Australia, huhesabu baadhi ya matendo ya hiari kuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Kujipima nako kuna utata. Mwaka 1991 Farh, Dobbins na Cheng waliona wafanyakazi wa Taiwan wakijipa alama za chini kuliko walizopewa na wasimamizi wao. Miaka miwili baadaye, Yu na Murphy waliona kinyume chake nchini China. Jina la utamaduni peke yake, basi, halitabiri majibu ya mtu.

Usawa wa kipimo

Hojaji hutafsiriwa, kisha mtu mwingine huirudisha katika lugha ya awali ili kasoro zionekane. Njia hii ilienezwa na Richard Brislin tangu 1970. Hatua hiyo haitoshi. Takwimu hupaswa kuthibitisha mambo matatu kwa mfuatano: maswali yajipange katika mafungu yaleyale, yawe na uzito uleule, na watu wenye hali sawa wapate alama sawa. Sharti la tatu likishindikana, wastani wa nchi mbili haulinganishwi, ingawa uhusiano kati ya ari na utendaji ndani ya kila nchi bado unaweza kuchunguzwa.

Kampuni yenye matawi katika nchi nyingi inayogawa bonasi au lawama kwa kupanga wastani wa matawi hayo kutoka juu hadi chini huweza kuwaadhibu watu kwa unyenyekevu wao. Matumizi ya haki ni kulinganisha kila tawi na matokeo yake ya awali, na kuwasikiliza wafanyakazi wenyewe kabla ya kuamua.