Mtoto na Mto Sebeya: Usalama wa Kila Siku kwa Familia za Nyundo

Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mito ilifurika, milima ikaporomoka, na zaidi ya watu 130 walipoteza maisha. Wilaya ya Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Hapa Nyundo, Mto Sebeya ulipita kingo zake na kuingia majumbani wakati watu wamelala.

Makala haya ni kwa wazazi na walezi wote wa eneo hili: wenyeji wanaoishi bondeni na kwenye miteremko, pamoja na familia zilizovuka kutoka Congo na kupokelewa katika kituo cha muda cha Nkamira au kupanga nyumba Gisenyi. Mto haumuulizi mtoto kitambulisho chake. Kwa hiyo hatukutenganisha ushauri wa mkimbizi na ushauri wa mwenyeji, isipokuwa pale ambapo huduma zenyewe zinatofautiana.

Mto, mteremko na usiku wa mvua

Sebeya unaanzia kwenye milima ya Rutsiro, unapita Nyundo na Rugerero, kisha unaingia Ziwa Kivu. Jambo la kwanza la kuelewa linatokana na njia hiyo: mto unaweza kujaa Nyundo hata kama Nyundo hakujanyesha. Inatosha mvua inyeshe huko juu. Watoto wanaocheza mtoni jua likiwaka hawajui hilo, na wazazi wengi pia wanasema hawakulijua walipohamia hapa.

Wafundishe watoto dalili mbili. Ya kwanza ni maji yanayobadilika ghafla kuwa ya rangi ya udongo na kubeba vijiti, majani au takataka. Ya pili ni mlio wa mto kubadilika na kuwa mzito, kama lori linalopanda mlima. Mtoto akiona au akisikia moja kati ya hizo, aache jerikani, aache nguo, apande juu. Mwambie waziwazi kwamba hatagombezwa kwa jerikani iliyochukuliwa na maji. Mtoto anayeogopa adhabu hurudi kuchukua chombo.

Msimu wa mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na mvua nyingine huja kuanzia Septemba hadi Desemba. Katika miezi hiyo, mtoto asitumwe mtoni peke yake, na mtoto wa chini ya miaka kumi asiachiwe jukumu la kumlinda mdogo wake ukingoni. Tunajua hali ilivyo: mama yuko shambani au sokoni, maji yanahitajika. Majirani watatu au wanne wakipeana zamu, mtu mzima mmoja akaenda na watoto wote, kazi inafanyika.

Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini mwa mtu mzima yanaweza kumwangusha. Kwa mtoto wa miaka minne, maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu tayari ni hatari. Ukilazimika kuvuka na mtoto mdogo, mfunge mgongoni kwa kitenge ili mikono yako ibaki huru, shika fimbo, na upime kina kabla ya kila hatua. Kama kuna njia nyingine, hata ndefu, ifuate hiyo.

Wanaoishi kwenye mteremko wana hatari ya pili, udongo. Mlima mara nyingi huonya kabla ya kuporomoka: nyufa mpya ardhini au ukutani, mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama, miti au nguzo zinainama, maji yanachipuka mahali ambapo hayakuwapo. Ukiona hayo, waarifu viongozi wa mudugudu siku hiyohiyo na utafute pa kulala kwa ndugu au jirani. Usiku wa mvua kubwa, usiwalaze watoto kwenye chumba kinachogusana na mlima. Udongo ukishuka, ukuta wa nyuma ndio wa kwanza kuanguka. Kuhamishia mikeka chumba cha mbele hakugharimu kitu, na ni ushauri ambao tungependa kila nyumba ya Nyundo iufuate kuanzia mvua ijayo.

Weka karibu na mlango mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji. Ndani yake ziwemo kadi za chanjo za watoto, vitambulisho au hati ya usajili wa ukimbizi, dawa za anayetumia dawa kila siku, tochi, na nguo moja ya joto kwa kila mtoto. Mkitoka, tokeni. Mbuzi na redio visimrudishe mtu ndani.

Mtoto akitumbukia mtoni au ziwani, usimfuate majini kama huwezi kuogelea vizuri. Piga kelele za kuomba msaada, mtupie kamba, au jerikani tupu iliyofungwa vizuri, kwa sababu huelea na mtoto anaweza kuikumbatia. Akitolewa bila kupumua, usimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano mdomoni hadi kifua kinyanyuke. Kama bado hapumui, bonyeza katikati ya kifua mara 30, mpulizie pumzi mbili, na uendelee hivyo huku mwingine akipiga simu 912. Kumbuka pia kwamba ufuo wa Kivu sehemu nyingi hushuka ghafla. Hatua mbili kutoka maji ya magotini mtoto anaweza kukosa pa kukanyaga.

Mtoto akitengana na familia

Tarehe 22 Mei 2021, Mlima Nyiragongo ulipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walikimbia usiku, wengi wakivuka mpaka kuja Rubavu. Siku iliyofuata UNICEF ilieleza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Wazazi wao hawakuwa wazembe. Giza, umati na hofu humpokonya mtu mkono aliokuwa ameushika.

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kujifunza jina lake kamili. Wa miaka mitano anaweza kujifunza jina la mama, la baba, la mudugudu au kambi, na namba ya simu. Mfundishe kwa wimbo, kila siku wakati wa kuoga, mpaka aseme bila kufikiri. Jina kamili ni muhimu: watoto wengi wanapoulizwa jina la mama yao hujibu «Mama». Ni kweli, lakini halimsaidii anayemtafuta. Kwa asiyeweza kusema bado, andika jina na namba kwenye karatasi, ifunge kwenye plastiki na uishonee ndani ya nguo.

Pangeni mahali pa kukutania mkipoteana, mahali ambapo mtoto anapajua na maji hayafiki. Ukimpata mtoto wa mwenzio, usiende naye mbali na pale ulipomkuta kwa nia ya kumsaidia. Mpeleke kwa kiongozi wa karibu, kwa polisi au kwa Msalaba Mwekundu, ambao wana huduma ya kutafuta familia hata ng'ambo ya mpaka.

Maji, mikono na tumbo

Wazee wa pande zote mbili za mpaka wanakumbuka Julai 1994, kipindupindu kilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Goma, wengi wao wakitumia maji ya ziwa bila kuyatibu. Maji ya Kivu yanaonekana masafi. Yalionekana masafi wakati huo pia.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatoe mapovu makubwa, na kwa nyanda zetu za juu yaendelee kuchemka dakika tatu. Kama kuni au makaa ni ghali, tumia dawa ya kutibu maji, ile ambayo wengi wanaiita Sûr'Eau. Fuata kipimo cha kwenye chupa na usubiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika, kula au kunyonyesha. Jivu linasaidia kama sabuni haipo.

Mtoto akiharisha, kinachomuua ni upungufu wa maji mwilini, kwa hiyo anza kumpa maji kabla hujafikiria dawa. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kama hakuna, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Omba pia vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Mpeleke kituo cha afya mara moja akiwa na macho yaliyodidimia, damu kwenye choo, kulegea sana, au akitapika kila kitu.

Jiko la makaa na mazuku

Usiku wa Nyundo ni wa baridi, na familia nyingi huingiza imbabura ndani ili kupata joto. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Watu hulala na hawaamki. Ipikie nje, izime nje, na watoto wafunikwe blanketi.

Familia zenye ndugu Goma zinalijua jina mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini kwenye maeneo ya volkano na kukaa mabondeni na mashimoni kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mtu mzima anaweza kupita akiwa amesimama na asihisi kitu, huku mtoto aliye chini ya kiuno chake akianguka. Mtoto akienda kutembelea huko asichezee mashimo wala kwenda mahali penye wadudu na ndege waliokufa. Akianguka, usiiname kumwokota bila kuvuta pumzi nje kwanza; waokoaji wengi wamefia hapohapo.

Vitu vya chuma

Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, makombora yalivuka mpaka yakaua watu Rubavu. Mtoto akikuta chuma asichokijua, shambani au barabarani, asikiguse, asikirushie jiwe, asikipeleke kwa muuza vyuma chakavu. Arudi kwa njia aliyojia na amwambie mtu mzima, naye apige 112.

Chakula, mazungumzo na mchezo

Mwaka 2014–15, asilimia 38 ya watoto wa Rwanda wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2019–20 walikuwa asilimia 33. Hali iliboreka, lakini wakati huo bado alikuwa mtoto mmoja kati ya watatu. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu, bila maji. Baada ya hapo uji pekee hautoshi. Ponda sambaza kavu uweke kwenye sombe au dodo, ongeza maharagwe, parachichi, yai unapolipata. Igikoni cy'umudugudu, jiko la pamoja la kijiji, huonyesha mapishi hayo kwa vyakula vya hapa, na mkimbizi anayeishi mtaani anaweza kuuliza kwa mhudumu wa afya lini linafanyika.

Wazazi wa Kikongo hutuuliza kama waache kuzungumza Kiswahili na mtoto ili ajue haraka Kinyarwanda na Kiingereza cha shuleni. Hapana. Mtoto aliyezoea kusimuliwa na kuulizwa maswali katika lugha ya nyumbani hujifunza nyingine kwa urahisi zaidi. Mpira wa majani ya migomba unatosha kwa mchezo. Na mtoto aliyeokoka mafuriko au vita anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, au kulia kila mvua inaponyesha. Asichapwe wala kuchekwa. Kaa naye, mweleze kinachotokea, rudisha ratiba ya kula na kulala. Ikiendelea zaidi ya mwezi, ongea na kituo cha afya.

Pa kupata msaada

Katika kila mudugudu kuna watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango. Wanashughulikia watoto wanaonyanyaswa, wanaotumikishwa au wasio na mlezi. Walio kituo cha Nkamira wanaweza kwenda kwenye dawati la ulinzi wa mtoto lililo ndani ya kituo.

Simu za dharura: 112 polisi, 912 gari la wagonjwa, 116 msaada kwa mtoto. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116.